Aliyemo na Aliyeondoka: Vijidudu Ndani ya Uvimbe wa Saratani

Maneno haya niliyasema mjini Moshi mbele ya matabibu wa kinywa na meno, wauguzi, na wananchi waliokaribishwa. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, ila nimepunguza mizaha na kuyaacha maswali yaliyohusu bei ya vipimo.

Shikamooni wazee wangu. Wengine nawasalimu kwa pamoja, hamjambo?

Naona wenyeji wetu wameandaa chai kule nyuma, na naona jinsi mvuke unavyotoka kila chupa inapofunguliwa. Mkishamimina, iacheni ipoe kidogo. Nitairudia hiyo chai kabla sijamaliza.

Kazi yangu ni patholojia. Kwa lugha ya nyumbani, daktari akikata kipande cha nyama kutoka kwa mgonjwa na kukitumbukiza kwenye kichupa cha fomalini, safari ya kichupa hicho inaishia mezani kwangu. Nyama inagandishwa ndani ya nta, inakatwa nyembamba kuliko karatasi ya sigara, inapakwa rangi ya zambarau na ya waridi, nami nainamia hadubini niseme ni saratani au sivyo. Nimefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Mgonjwa hanioni, na mara nyingi hajui kama nipo.

Nilipokuwa mwanafunzi niliwekewa kioo cha hadubini chenye kipande cha uvimbe wa utumbo mpana. Pembezoni mwa uvimbe, na hapa na pale katikati ya seli za saratani zenyewe, niliona vijiti vya buluu, vidogo sana, kama vumbi la penseli. Nikamwuliza mwalimu wangu ni nini. Akachungulia mara moja akasema, "Hicho ni choo tu, binti. Songa mbele." Alikuwa mwalimu hodari, na kwa elimu ya wakati ule hakukosea. Utumbo mpana umejaa bakteria. Kuwakuta humo ni kama kukuta mchanga ufukweni. Basi nikasonga mbele. Nimesonga mbele kwenye maelfu ya vioo.

Leo nimekuja kuzungumza juu ya vile vijiti.

Yuko mmoja aliyekataa kusonga mbele. Robin Warren alikuwa mtu wa patholojia kama mimi, kule Perth, magharibi mwa Australia. Mwezi Juni 1979, siku aliyotimiza miaka 42, aliona bakteria waliojipinda wamejipanga juu ya utando wa ndani wa mfuko wa chakula wa mgonjwa. Vitabu vilisema tumboni hakuishi kitu kwa sababu ya asidi. Akachukua rangi ya madini ya fedha, akakipaka kile kipande, wakajitokeza weusi pwii. Mwaka 1981 akapata mwenzake, daktari kijana aliyekuwa bado mafunzoni, Barry Marshall. Wakajaribu kuwaotesha maabara ikashindikana, kwa kuwa kila mara sahani zilitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 sahani zikaachwa kwenye joto siku tano kwa sababu ya sikukuu. Watu waliporudi wakakuta wameota. Mimi nawaombea dua waliochelewa kuzitupa zile sahani.

Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao. Baada ya siku chache akashikwa na kichefuchefu na kutapika, na kamera iliposhushwa tumboni ikakuta utando umevimba. Msijaribu. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile la Lyon, Ufaransa, likamweka bakteria huyo, Helicobacter pylori, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel.

Huyu H. pylori mnamjua. Hapa kwetu kila anayeungua kifua hujitambulisha kuwa ana vidonda vya tumbo, na kila mwenye vidonda vya tumbo ana jirani aliyemtajia H. pylori. Lakini wachache huulizwa anavyofanya kazi. Ana kimeng'enya kinachogeuza yurea kuwa amonia, na amonia inaipoza asidi pale alipo, kwa hiyo anatembea tumboni ndani ya wingu lake mwenyewe. Aina zake kali zina kitu kama bomba la sindano. Wanaichoma seli na kuiingizia protini iitwayo CagA, na seli inaanza kupokea amri za kukua ambazo hakuna aliyezitoa. Juu ya hayo kuna kuvimba kusikokoma, mwaka baada ya mwaka, hadi tezi za asidi zinakauka na utando wa tumbo unaanza kufanana na wa utumbo. Safari hiyo huchukua miongo. Wengi hawaifikii mwisho: kati ya watu 100 wenye bakteria huyu, ni kama mmoja hadi watatu wanaopata saratani ya tumbo.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Tumbo lililokauka asidi si makazi tena ya H. pylori. Anafifia, na mara nyingine anatoweka kabisa. Ninapoletewa kipande cha saratani ya tumbo iliyokomaa, mara nyingi simkuti. Ninaowakuta ni wengine, wakiwemo wakazi wa kinywani, walioteremka baada ya mlinzi wa asidi kuacha lindo. Mtu akikitazama kioo hicho bila kujua historia yake, atawakamata hao waliomo na kuwafungulia kesi, na aliyeuwasha moto alishatoka mlangoni miaka mingi nyuma.

Kwa hiyo kuwemo si ushahidi wa kutosha wa hatia, na kutokuwemo hakumsafishi mtu. Nendeni na hilo akilini, maana nayafuata mambo ambayo magazeti hupenda kuyaandika kwa herufi kubwa.

Tushuke utumbo mpana. Matabibu wa meno, huyu ninayemtaja sasa ni wa kwenu: Fusobacterium nucleatum. Ni mwembamba, amechongoka ncha zote mbili kama njiti ya kuchokolea meno. Makazi yake ni ukoga wa kwenye fizi, na kazi yake huko mnaijua kuliko mimi, kwamba yeye ni daraja. Bakteria wanaotangulia kushika jino na wale wabaya wanaokuja baadaye hawashikani vizuri wenyewe kwa wenyewe. Yeye anawashika hawa kwa mkono mmoja na wale kwa mwingine.

Mwishoni mwa 2011 makundi mawili ya watafiti, moja la Vancouver, Kanada, na lingine la Boston, Marekani, yalitoa habari ileile kwa wakati mmoja bila kuwa yamepanga. Walikuwa wamesoma chembe za urithi zilizomo ndani ya uvimbe wa utumbo mpana, wakazilinganisha na za kipande chenye afya cha utumbo wa mgonjwa huyohuyo, sentimita chache pembeni. Wa Vancouver walifika jozi 99 za namna hiyo. Ndani ya uvimbe Fusobacterium alikuwa amejaa kuliko pembeni. Kama ingekuwa choo tu, mwalimu wangu, kingekuwa sawa pande zote mbili.

Amefikaje huko kutoka kinywani? Njia ni mbili, na huenda zote zinatumika. Ya kwanza ni damu. Fizi zilizovimba hutoa damu mtu akipiga mswaki, na damu inapotoka bakteria wanaingia. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwa panya kwamba Fusobacterium akidungwa kwenye mshipa huwa anakwenda kutua kwenye uvimbe wa utumbo. Ana protini kwenye ngozi yake, Fap2, inayokamata aina fulani ya sukari iliyotapakaa juu ya seli za saratani ya utumbo mpana kuliko juu ya seli zenye afya. Anausikia utamu wake, kwa maneno mengine. Njia ya pili ni kumezwa tu na mate. Hapo zamani tulisema asidi ya tumbo itamuua. Mwaka 2024 watafiti wa Seattle walitoa kazi nzuri sana: walipowachambua bakteria waliotoka kwenye uvimbe na waliotoka kinywani, wakakuta kwamba ndani ya jina moja zilijificha koo mbili za jamii ndogo iitwayo animalis, na ni ukoo mmoja tu uliokuwa umetamalaki kwenye uvimbe. Ukoo huo una jeni za kustahimili asidi. Walipotazama uvimbe wa wagonjwa wapatao 200, waliukuta kwenye takriban nusu.

Kule Japani, mwaka 2019, walikwenda mbali zaidi kwa njia rahisi. Walichukua mate na kipande cha uvimbe vya mgonjwa mmoja, wakaotesha Fusobacterium wa pande zote mbili, wakalinganisha. Kati ya wagonjwa 8 waliopatikana naye kotekote, 6 walikuwa na mtu yuleyule, si ndugu yake wala binamu. Kipimo cha watu 8 ni kidogo, nakubali, lakini mimi kinanikosesha raha ninapopiga mswaki.

Akishafika anafanya nini? Ana ndoano nyingine, FadA, inayoshika protini ile inayozifunga seli za utumbo zisiachane, na akiishika, ndani ya seli zinaamka amri za kukua. Fap2 niliyoitaja ina kazi ya pili: inabonyeza kitufe kwenye seli za kinga zinazoua saratani, zikatulia kama askari aliyeonyeshwa kitambulisho cha mkubwa. Mwaka 2017 ikaonekana pia kwamba anaisaidia saratani kustahimili dawa za kemo kwa kuifundisha seli kujila vipande vyake na kupona. Mwaka huohuo kundi la Boston likaonyesha jambo lililonitisha kuliko yote. Saratani ya utumbo iliposambaa hadi kwenye ini, Fusobacterium yuleyule alikutwa huko kwenye ini. Alisafiri nayo. Wakachukua uvimbe wa binadamu wakaupandikiza kwa panya, kutoka panya huyu kwenda yule, na bakteria akaendelea kuwemo. Walipowapa panya metronidazoli, hiyo mnayoiita Flagyl, uvimbe wenye Fusobacterium ukapunguza kasi ya kukua.

Nilijua mtaguna. Subirini kwanza, swali la Flagyl litakuja.

Wengine mtanikumbusha kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, ila nguoni wamo wengi wasiokula chochote. Uvimbe wa saratani ni kama uchochoro usio na taa wala polisi: mishipa ya damu imejengwa ovyo, oksijeni ni kidogo, ukuta wa utumbo umevunjika. Bakteria wasiopenda oksijeni, na Fusobacterium ni mmoja wao, wanapapenda. Mwaka 2022 watafiti walichora ramani ya uvimbe seli kwa seli, wakaona bakteria hawakutawanyika kama mtama uliomwagika. Wamejikusanya kwenye vimtaa vyao, na kwenye vimtaa hivyo mishipa ya damu ni michache na seli za kinga zinazopigana ni chache. Je, wao ndio waliowafukuza askari, au walihamia mahali ambapo askari hawakuwepo? Mimi naona yote mawili yanatokea, na kwamba Fusobacterium ni mchochezi zaidi kuliko mwanzilishi. Wako wataalamu wanaompa uzito mkubwa kuliko mimi, na siku wakinionyesha nitahama upande.

Kwenye kongosho mambo yako wazi zaidi, angalau kwa jambo moja. Kongosho liko mbali na choo, hivyo bakteria humo hawezi kuitwa mchanga wa ufukweni. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Ravid Straussman wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walipima saratani za kongosho 113, wakakuta bakteria kwenye 86. Wengi walikuwa wa jamii pana anamotoka E. coli, na inaelekea walipanda kutoka kwenye utumbo mwembamba kupitia mrija wa kongosho. Bakteria hao wengi wana kimeng'enya kinachoivunja gemsitabini, dawa ya kemo ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotumika zaidi kwa saratani hiyo. Daktari anaweka dawa kwenye dripu, mgonjwa anavumilia kutapika, dawa inafika kwenye uvimbe, na pale mlangoni inaliwa na bakteria. Walipowapa panya siprofloksasini, sipro hii tunayoijua sote, gemsitabini ikafanya kazi tena. Miaka miwili baadaye kundi jingine likaja na sura tofauti ya kongosho hilohilo: wagonjwa wachache walioishi miaka mingi baada ya upasuaji walikuwa na bakteria wa aina nyingi mchanganyiko ndani ya uvimbe wao kuliko waliofariki mapema. Ukiwafagia wote kwa sipro, pamoja na wanaokula dawa umewafagia waliokuwa wakiiamsha kinga.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimewaambia juu ya kosa la kuona na kupuuza, ambalo ndilo langu. Lipo na kosa la kuona kisichokuwepo, na hilo limewapata watu wenye vyeo kuliko mimi.

Mwaka 2020 jarida kubwa la Nature lilichapisha utafiti uliopekua taarifa za jeni za aina 33 za saratani. Ulisema kila aina ina kundi lake la vijidudu, na kwamba kompyuta ikifundishwa inaweza kuitambua saratani kwa vijidudu hivyo, hata kutoka kwenye damu. Kampuni zikachangamka. Wengine wakazipekua taarifa zilezile upya, akiwemo Steven Salzberg wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 2023 wakasema mamilioni ya vipande vilivyoitwa bakteria vilikuwa vya binadamu mwenyewe, kwa sababu maktaba ya jeni za bakteria iliyotumika kulinganisha ilikuwa imechafuka kwa DNA ya binadamu. Tena hesabu ya kusawazisha takwimu ilikuwa imejitengenezea alama mahali ambapo palikuwa sifuri tupu. Kati ya vijidudu vilivyotajwa kuwa vitambulisho vya saratani, kimoja kilikuwa kirusi cha kamba, hawa kamba wa baharini wa kukaanga. Juni 2024 makala ile ikafutwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Safari hii halikuwepo.

Siwacheki. Uvimbe mwingi, hasa ulio nje ya njia ya chakula, una bakteria wachache mno, na bakteria wamo kila mahali pengine: kwenye nta yangu, kwenye maji ya kuoshea, kwenye kemikali za kuchopolea DNA zinazouzwa zikiwa zimefungwa vizuri na kuandikwa safi. Ukipima kitu kilicho karibu na sifuri, unapima uchafu wako mwenyewe. Ndiyo maana kazi ninazoziamini ni zile zilizopima pia sampuli tupu, nta isiyo na nyama na maji yasiyo na kitu, kwa mamia, na wanachokikuta humo wakakitoa kwenye hesabu. Tena nataka bakteria nionyeshwe kwa macho, amepakwa rangi, yuko ndani ya seli. Kwa saratani ya utumbo mpana ushahidi wa namna hiyo upo, na kwa kongosho upo. Mtu akiwaambia amegundua bakteria wa saratani ya kila kiungo, mwulizeni sampuli zake tupu zilikuwa ngapi.

Nilisema pia juu ya aliyeondoka. H. pylori nimeshamtaja, ila yupo mwingine, na huyu aliacha saini.

Mwaka 2006 kule Toulouse, Ufaransa, iligunduliwa kwamba baadhi ya E. coli wa kawaida, wanaoishi matumboni mwa watu wazima wa afya, hutengeneza sumu inayokata DNA. Ikaitwa kolibaktini. Mwaka 2020 Waholanzi walichukua vijiutumbo vidogo vilivyooteshwa maabara kutoka kwenye seli za binadamu, wakawadunga bakteria hao ndani yake tena na tena kwa miezi mitano. Walipoisoma DNA, wakakuta makovu ya mtindo mmoja, herufi zilezile zimeharibika mahali palepale penye mpangilio uleule. Wakaenda kwenye saratani za utumbo mpana za wagonjwa, wakayakuta makovu hayo kwenye baadhi yake. Ni kama fundi anayekata mbao kwa msumeno wenye jino moja lililovunjika. Hata akihama mji, ukiona ubao unajua ni yeye.

Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa saratani 981 za utumbo mpana kutoka nchi 11. Makovu ya kolibaktini yalikuwa mengi kwa wagonjwa wa chini ya miaka 40 mara 3.3 kuliko kwa wale wa zaidi ya miaka 70. Na hesabu ya mpangilio wa makovu inaonyesha mengi yaliingia mapema mno, pengine katika miaka kumi ya kwanza ya maisha. Mtoto wa miaka saba anacheza rede uwanjani, na ndani ya utumbo wake seli moja imeshakatwa. Miaka thelathini baadaye ninaletewa kipande chake. Nikimtafuta E. coli yule kwa hadubini, huenda nisimpate hata mmoja. Safari hii hadubini yangu haina la kusema. Wenye kusoma herufi za DNA ndio wanaomwona.

Sasa chai.

Sisi tunaishi kwenye ukanda wa saratani ya umio, unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, ukashuka Malawi hadi kusini. Wauguzi mliopo mnawajua wagonjwa hawa: mzee anakuja ameshindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji, na mara nyingi anakuja wakati kimebaki kipenyo cha kupitisha mate. Vijidudu vina nafasi gani hapo? Kule Japani, mwaka 2016, wagonjwa wa saratani ya umio waliokutwa na Fusobacterium ndani ya uvimbe waliishi muda mfupi kuliko wasiokuwa naye. China wamemkuta Porphyromonas gingivalis, huyu anayebomoa fizi. Na jirani yetu hapa, Eldoret, utafiti uliolinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya ulikuta kwa wagonjwa meno mengi zaidi yaliyooza na kung'oka, na madoa mazito zaidi ya floraidi, hayo ya kahawia tunayoyajua sote tuliokunywa maji ya huku. Hakuna aliyesema madoa yanaleta saratani. Lakini njia kutoka kwenye fizi hadi kwenye umio ni fupi kuliko ile ya kwenda utumbo mpana, na ni mteremko mtupu. Ningependa kuona siku moja vipande vya wagonjwa wa Moshi, Eldoret na Blantyre vikitafutiwa bakteria hao kwa uangalifu nilioueleza, pamoja na sampuli tupu.

Chai yenyewe haihitaji bakteria. Tangu 2016 vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 vimewekwa kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Mkoani hapa watu walipimwa wanavyokunywa chai yao, na wastani wa joto walipoanza kuinywa ulikuwa kama nyuzi 70. Umio uliobabuka kila asubuhi ni ukuta wenye nyufa, na mmeshasikia nani anapenda nyufa.

Kuhusu Flagyl. Mzee mmoja wa mstari wa mbele ameniuliza kwa sauti ndogo, nami najibu kwa kubwa: hapana, msinunue. Kilichofanyika kwa panya ni kwa panya mwenye uvimbe uliojulikana una Fusobacterium. Dawa hizo haziui Fusobacterium peke yake. Zinawafagia na wale wanaotulinda, na hapa kwetu usugu wa dawa umeshatufika shingoni. Zaidi ya hapo, kwa wagonjwa wanaopewa dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, waliokuwa wametumia antibayotiki karibu na wakati wa matibabu walionekana kufaidika kidogo kuliko wenzao. Dawa ya kumlenga huyu mmoja inatafutwa. Kwa leo, matabibu wa meno, mgonjwa wa saratani asiachwe na fizi zinazotoa damu kwa kisingizio kwamba ana tatizo kubwa zaidi. Na wauguzi, damu ya mgonjwa ikiota Streptococcus gallolyticus, ambaye zamani aliitwa bovis, hasa mwenye maambukizi kwenye vali za moyo, mkumbusheni daktari aandike kipimo cha kamera cha utumbo mpana. Uhusiano huo ulidokezwa tangu 1951 na bado tunausahau.

Kijana aliyesimama pale katikati aliuliza yeye kapimwa damu akaambiwa ana H. pylori, akanywa dawa zote, kapimwa tena kaambiwa bado. Kipimo cha damu, kijana wangu, kinatafuta kingamwili, na hizo hubaki hata mdudu akishakufa. Pima kinyesi au pumzi, wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli uiache wiki mbili kabla. Kama yumo, atibiwe. Huyu tunajua kumtibu kunasaidia: kule Linqu, China, watu waliopewa dawa wiki mbili tu mwaka 1995 walifuatiliwa zaidi ya miaka 22, na saratani ya tumbo iliwapata wachache kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Mama mwenye kanga ya njano alikuwa ameinua mkono tangu nilipotaja chai. Nikaagiza apelekewe kipaza sauti. Akauliza: "Na mbege je, daktari? Maana mbege tunainywa ya baridi."

Nikamwambia kwa joto haina kosa, mama, ila ni pombe, na pombe nayo imo kwenye orodha ya saratani ya umio. Ukumbi ukaguna kuliko ulivyoguna kwa Flagyl.